Jinsi ya Kuonja Eli ya Viungo ya Majira ya Baridi: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kuanzia mwishoni mwa Oktoba, maduka ya bia ya Ulaya na Amerika Kaskazini hupanga mbele chupa za eli (aina ya bia, kwa Kiingereza ale) nzito, nyekundu au za kahawia, zenye picha za theluji na misonobari, ambazo ndani yake kumetiwa mdalasini, tangawizi, karafuu, kungumanga au maganda ya machungwa. Ndugu na marafiki wengi wanaoishi huko huzinunua kwa hamu, kwa sababu wameona kwenye lebo viungo walivyolelewa navyo, kisha hunirudia na malalamiko yale yale: kwamba inanukia kama dawa ya jino, kwamba ni mdalasini mtupu, kwamba ni tamu kupita kiasi na glasi moja imewalevya.

Nimekaa mezani na wengi wao nikawatazama wanavyoonja, na karibu wote hukosea mambo matatu. Huinywa ikiwa baridi mno, hukimbilia kutafuta viungo kabla ya kuitafuta bia yenyewe, na huinywa kwa mafunda makubwa kama bia nyepesi ya kukata kiu. Ulimi wao hauna kasoro yoyote. Mtu aliyekulia katika nyumba inayopika pilau na chai ya viungo ana pua iliyokwisha kujifunza nusu ya kazi hii. Kilichobaki ni utaratibu, na utaratibu huo ndio ninaoueleza hapa.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyeamua kunywa pombe kwa hiari yake. Mjamzito, mtu anayetumia dawa zisizopatana na pombe, na yule atakayeshika usukani baadaye wauache kando.

## Mahitaji

Andaa vitu hivi vyote kabla ya kufungua chupa, kwa sababu ukianza kutafuta kijiko katikati ya kazi, povu litakuwa limekwisha na harufu ya kwanza imepotea.

- Chupa moja ya eli ya viungo, ya mililita 330 au 355, ambayo inawatosha watu wawili au watatu kwa kuonja.
- Chupa moja ya bia nyepesi ya kawaida isiyo na kiungo, kwa kulinganisha.
- Ikiwezekana, chupa moja ya bia ya ngano ya Bavaria, kwa mfano Weihenstephaner Hefeweissbier. Sababu yake utaikuta katika hatua ya 6.
- Glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobana. Glasi ya kawaida ya mvinyo inafaa kabisa.
- Kipimajoto cha jikoni.
- Viungo vizima, si vya unga: karafuu, kijiti cha mdalasini, tangawizi mbichi, kungumanga ya kukwaruza, mbegu za giligilani na ganda la chungwa.
- Vikombe vidogo sita na visahani vya kuvifunika.
- Maji ya kunywa yasiyo ya baridi, na mkate mweupe usiopakwa kitu.
- Opena, daftari na kalamu.

Usifukize udi siku hiyo, usijipulizie manukato, na usiteleke pilau jikoni wakati wa kuonja. Kahawa na dawa ya meno viachwe kwa muda wa saa moja hivi kabla ya kuanza.

## Hatua ya 1: Chagua chupa inayosema ukweli

Kwa mara ya kwanza, nunua bia ambayo kiwanda chake kimetaja viungo waziwazi na kwa uchache. Mimi huwaanzishia watu kwa Christmas Ale ya kiwanda cha Great Lakes kilichopo Cleveland, Ohio, yenye asilimia 7.5 ya alkoholi, kwa kuwa kiwanda chenyewe kinasema kimetia asali, tangawizi na mdalasini. Vitu vitatu tu. Mwanafunzi anajua anachokitafuta, na akikosea anaweza kusahihishwa.

Usianze na bia ambayo mapishi yake ni siri. Kiwanda cha Anchor cha San Francisco kilitoa bia yake ya Krismasi kwa mara ya kwanza mwaka 1975 na kikabadilisha mapishi kila mwaka bila kuyatangaza; ilikuwa furaha kubwa kwa mtu mwenye uzoefu, lakini kwa anayeanza ni kama kupewa mtihani usio na majibu.

Tahadhari: picha ya theluji haimaanishi kwamba kuna viungo. Celebration ya Sierra Nevada, kwa mfano, hutoka msimu huo huo ikiwa na lebo ya majira ya baridi, lakini haina kiungo hata kimoja. Harufu yake ya msonobari na maganda ya limau inatokana na hopsi, yaani yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Nimewasikia watu wakiapa kwamba wameionja iliki ndani yake. Soma lebo yote, mbele na nyuma, na utafute majina ya viungo.

Tazama pia asilimia ya alkoholi. Chupa ya mililita 355 yenye asilimia 7.5 ina takriban mililita 27 za alkoholi tupu, wakati chupa ya ukubwa huo huo yenye asilimia 5 ina takriban 18. Hao wanaolalamika kwamba glasi moja imewalevya kwa kawaida wameinywa ile ya asilimia 7.5 kwa mwendo wa ile ya asilimia 5.

## Hatua ya 2: Ipatie joto lake

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na ningependa msomaji atulie kidogo.

Nyumbani, mhudumu wa baa hukuuliza swali moja tu: baridi au ya moto? Baridi ni ile iliyotoka kwenye friji ikitiririka maji, na ya moto ni ile iliyokaa kwenye kreti. Eli ya majira ya baridi haimo katika jibu lolote kati ya hayo mawili. Inataka kuanza ikiwa kwenye nyuzi 8 hivi za Selsiasi na kumalizikia kwenye nyuzi 14.

Sababu ni hii. Harufu hutufikia kwa njia ya mvuke, na kitu cha baridi hutoa mvuke kidogo. Baridi pia huutia ulimi ganzi kwa upande wa utamu, huku ikiuacha uchungu na mchomo wa gesi vikisimama peke yake. Kwa hiyo katika nyuzi 3 au 4 utapata uchungu, gesi na ncha kali ya tangawizi, lakini hutapata mkate, asali wala tende, yaani kitanda chote ambacho viungo vimelazwa juu yake. Ukiiacha ipite nyuzi 18, mvuke wa alkoholi hutangulia kila kitu na utamu huwa mzito wa kukinaisha.

Chupa iliyotoka kwenye friji ya nyuzi 4, ikiwekwa mezani katika chumba cha nyuzi 20, huhitaji takriban nusu saa kufika nyuzi 8. Katika chumba cha nyuzi 30, kama cha Dar es Salaam au Mombasa, robo saa inatosha. Usiharakishe kwa maji ya moto wala kwa maikrowevu: gesi hutoka kwa fujo, bia hufurika, na chupa yenyewe inaweza kupasuka.

Chupa isimame wima tangu jana yake. Eli nyingi za viwanda vidogo humalizia kuchachuka ndani ya chupa, na hamira hutuama chini. Ikilazwa au kutikiswa, mashapo hayo huchanganyika na kuleta ladha ya mkate mbichi.

Umefanikiwa pale utakapomimina kidogo, ukachovya kipimajoto, na kikasoma kati ya 7 na 9.

## Hatua ya 3: Safisha glasi hadi iwe safi kweli

Glasi inayoonekana safi kwa macho mara nyingi ina mafuta au mabaki ya sabuni, na vyote viwili huua povu na kuongeza harufu isiyo ya bia. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni kidogo, isuuze mara tatu, kisha iache ijikaushe yenyewe ikiwa imeinamishwa. Taulo la jikoni huacha nyuzi na harufu ya chakula.

Ijaribu hivi: ilowanishe kwa maji ya baridi na uitazame. Maji yakiteremka kama utando mmoja, glasi ni safi. Yakikatika na kushika vitone vitone, kuna mafuta, rudia.

Katika baa za Cleveland wateja wengi hupenda mdomo wa glasi uzungushiwe sukari na mdalasini. Kwa sherehe ni jambo zuri. Kwa kuonja ni kujifunga macho, kwa sababu utakuwa unaonja mdalasini wa mwenye baa, si wa kiwanda.

## Hatua ya 4: Andaa vikombe vya kulinganisha

Kumbukumbu ya harufu hutudanganya kwa urahisi. Tunasema karafuu tunapomaanisha kitu kikali chenye joto, na tunasema mdalasini kwa chochote kitamu kinachotukumbusha chai. Dawa yake ni kuwa na kiungo chenyewe pembeni.

Tia katika kila kikombe mililita 50 hivi za maji yaliyopoa kidogo baada ya kuchemka. Kikombe cha kwanza tia karafuu mbili. Cha pili kipande cha mdalasini chenye urefu wa kidole kimoja. Cha tatu vipande viwili vyembamba vya tangawizi. Cha nne kungumanga iliyokwaruzwa, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole. Cha tano mbegu kumi za giligilani zilizopondwa. Cha sita ganda la chungwa lililomenywa bila ule utando mweupe. Funika kila kimoja kwa kisahani, subiri robo saa, kisha inua kisahani kimoja na unuse mvuke uliojikusanya chini yake.

Kuna jambo moja la mdalasini ambalo Waswahili wengi hawalitarajii. Mdalasini unaouzwa zaidi katika maduka ya Marekani ni kasia, ndugu wa ule mdalasini laini unaolimwa Zanzibar na Sri Lanka. Kasia ni nene, ngumu, kali, na huwasha kama peremende. Mdalasini wa Zanzibar ni ganda jembamba linalovunjika kwa vidole, una utamu wa mti na harufu inayokaribia maua. Kama una mdalasini kutoka nyumbani, weka vikombe viwili, kimoja kwa kila aina. Usipofanya hivyo, unaweza kuinusa bia iliyotiwa kasia nyingi ukasema hakuna mdalasini, kwa sababu si mdalasini unaoujua wewe.

## Hatua ya 5: Mimina na utazame

Inamisha glasi, mimina polepole ubavuni hadi nusu ya kiasi unachotaka, kisha isimamishe na umimine katikati ili povu liinuke kiasi cha vidole viwili. Theluthi moja ya glasi inatosha, yaani mililita 90 hivi, na nafasi iliyobaki juu ni ya harufu. Acha sentimita moja ya mwisho ndani ya chupa pamoja na mashapo yake.

Povu si pambo. Viputo vinapopasuka juu yake hurusha harufu hewani, na ndiyo maana kazi ya pua inaanza mara moja.

Kwa kutazama, sekunde ishirini zinatosha. Inua glasi mbele ya karatasi nyeupe, andika rangi (shaba, kahawia ya chai ya rangi, nyekundu ya ukwaju), andika kama inapitisha mwanga au ina ukungu, kisha endelea. Katika mfumo wa alama wa BJCP, shirika la Marekani linalowafunza waamuzi wa bia tangu 1985, sura hupewa alama 3 tu kati ya 50, wakati harufu hupewa 12 na ladha 20. Gawanya umakini wako kwa uwiano huo.

## Hatua ya 6: Nusa, na uanze na bia yenyewe

Funika mdomo wa glasi kwa kiganja, izungushe taratibu mara tatu, ondoa kiganja na unuse mara mbili, kwa pumzi fupi, kama unavyonusa embe sokoni. Usivute pumzi ndefu: mvuke wa alkoholi utaichosha pua, na pua iliyochoka hainusi kitu kwa dakika nzima. Kati ya mnuso na mnuso, nusa sehemu ya mkono wako isiyo na losheni ili pua irudi mwanzo.

Swali la kwanza si "kuna viungo gani?" Swali la kwanza ni "bia iko wapi?" Tafuta kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa. Kinaweza kujitokeza kama ganda la mkate uliookwa, sukari iliyoungua, sukari guru, tende, zabibu kavu au halua iliyotoka jikoni sasa hivi. Kikipatikana, andika. Kisha tafuta hopsi: majani mabichi, msonobari, ganda la limau. Katika bia hizi kwa kawaida hopsi huwa nyuma.

Ni baada ya hapo tu ndipo uwatafute wageni. Anza na kikombe, kisha glasi, kisha kikombe tena. Nusa mdalasini, nusa bia. Nusa tangawizi, nusa bia. Jibu la ndiyo lipatikane kwa kulinganisha, lisitokane na matumaini.

Shemeji yangu mmoja, mzaliwa wa Tanga, alikalia kiti chake kwa uhakika wote akasema: "Shemeji, humu kuna karafuu, mimi sidanganywi na karafuu." Nilimsogezea kikombe cha karafuu. Alinusa, akarudi kwenye glasi, akafumba macho, akanusa tena, na nikaona uso wake ukibadilika. "Siyo," akasema polepole. "Ni mdalasini, lakini umekaa karibu sana na sukari iliyoungua." Sentensi hiyo ina thamani kuliko kurasa kumi za maelezo yangu, kwa sababu aliipata kwa pua yake mwenyewe.

### Karafuu yenye mama wawili

Karafuu inastahili aya zake, kwani ndiyo inayowapotosha hata wazoefu. Harufu ya karafuu inaweza kuingia ndani ya bia kwa njia mbili. Ya kwanza ni karafuu halisi, ambayo nguvu yake ni mafuta yaitwayo eujenoli. Ya pili ni hamira: baadhi ya hamira za Bavaria na za Ubelgiji huchukua asidi iliyomo ndani ya nafaka na kuigeuza kuwa kemikali ya jamii ya fenoli inayonukia kama karafuu, ingawa hakuna aliyetia hata punje moja.

Ndiyo sababu niliomba chupa ya bia ya ngano ya Bavaria. Inuse kwa utulivu. Haina kiungo, lakini karafuu utaipata, tena ikiwa imefuatana na ndizi mbivu, kwa kuwa hamira hiyo hiyo hutoa na harufu ya ndizi.

Tofauti zake ni hizi. Karafuu ya hamira ni nyepesi, ina moshi kidogo na pilipili manga, na mara nyingi ndizi haiko mbali. Karafuu halisi ina mti mtamu ndani yake, na ikimezwa huacha ganzi nyembamba kwenye ncha ya ulimi na ufizi. Kila aliyewahi kuweka karafuu kwenye jino bovu anaijua ganzi hiyo. Usipoihisi, na bia ikawa ya Kibelgiji, ichunguze hamira kabla ya kukilaumu au kukisifu kiungo.

Umefanikiwa katika hatua hii ukiwa na maneno matatu ya kimea kwenye daftari na angalau kiungo kimoja ulichokithibitisha kwa kikombe.

## Hatua ya 7: Onja kwa funda la kijiko

Funda moja liwe sawa na kijiko kimoja cha chakula, mililita 15 hivi. Lizungushe mdomoni kwa sekunde tano lifike chini ya ulimi na pembeni, kisha limeze na utoe pumzi kwa pua huku mdomo umefungwa. Waonjaji wa mvinyo hutema. Sisi tunameza, kwa kuwa uchungu wa hopsi na ukavu wa viungo hujionyesha vizuri baada ya kumeza, na bia hii hujieleza zaidi mwishoni kuliko mwanzoni.

Funda la kwanza lisiandikwe. Kazi yake ni kuuzoesha mdomo gesi na alkoholi.

Funda la pili linywe ukiwa umebana pua kwa vidole. Utashangaa jinsi viungo vinavyotoweka. Kinachobaki ndicho kilichomo ulimini kweli: utamu, uchungu, uchachu, na ile hali ya kuwasha. Sasa achia pua na utoe pumzi. Mdalasini, chungwa na kungumanga vitarudi kwa kishindo, na utakuwa umeona kwamba hivyo ni harufu na si ladha. Tangawizi peke yake itakuwa haijaondoka wakati wote, kwa sababu ukali wake hauhitaji pua.

Funda la tatu ulifuatilie kwa wakati: nini kinafika kwanza, nini kinakaa katikati, nini kinabaki baada ya sekunde kumi. Katika eli iliyotengenezwa kwa uangalifu, utamu wa kimea na asali hutangulia, viungo huinuka katikati, na mwishoni uchungu kidogo husafisha njia ili utamani funda lingine. Viungo vikifika kwanza na kuondoka mwisho, kiwanda kimezidisha, na una haki ya kuandika hivyo bila woga.

### Joto la tangawizi na joto la pombe

Wengi huyachanganya haya mawili. Joto la tangawizi huanza ulimini na mwanzo wa koo, huwa na ncha, na huongezeka kwa funda la pili na la tatu. Joto la alkoholi hushuka, hukaa kifuani kama uji wa moto asubuhi ya baridi, na mvuke wake hupanda puani. La pili likiwa laini ni sifa. Likiunguza kama konyagi, bia hiyo ilichachushwa kwa joto kubwa mno au bado ni changa.

Uwe macho pia na ukakasi, ile hali ya ulimi kukauka na kujikunja kama umeng'ata ndizi mbichi au umekunywa chai iliyochemshwa mara mbili. Kidogo chake husaidia kukata utamu. Kikizidi, mdalasini au ule utando mweupe wa ganda la chungwa ulikaa kwenye bia muda mrefu kupita kiasi.

Kula kipande cha mkate, kunywa maji, pumzika dakika mbili.

## Hatua ya 8: Iache ipate joto, uonje tena mara mbili

Usimalize glasi. Ishike kwa viganja viwili, ipime, na kipimajoto kikifika nyuzi 11 nusa na uonje upya. Kikifika nyuzi 14 rudia kwa mara ya mwisho. Andika kila mzunguko kwenye mstari wake.

Mistari yangu ya chupa ile ya Cleveland ilisomeka hivi. Nyuzi 8: tangawizi mbele, gesi kali, mdalasini kwa mbali, kimea kimelala. Nyuzi 11: ganda la mkate limeamka, asali inanukia bila kuwa tamu sana, tangawizi imerudi nyuma ikawa kama ile ya chai ya maziwa. Nyuzi 14: sukari guru, mdalasini umeenea kote usiweze kuonyesha ulipoanzia, joto jepesi kifuani.

Soma tena mstari wa kwanza na wa tatu. Aliyeinywa yote katika nyuzi 4 na kuiita maji ya tangawizi hakusema uongo, alisimama mlangoni. Ukiona mistari yako mitatu inafanana kabisa, kuna moja kati ya mawili: pua imechoka, basi pumzika robo saa, au bia yenyewe haina kina, basi iandike hivyo.

## Hatua ya 9: Tenganisha kiungo na kasoro

Kuna harufu ambazo mtu hudhani ni viungo vigeni, kumbe ni bia iliyoharibika.

Harufu ya kicheche hutokana na mwanga wa jua au wa taa za duka ulioigonga hopsi kupitia chupa nyeupe au ya kijani. Chupa ya kahawia hulinda zaidi, na kopo hulinda kabisa. Harufu ya boksi lililoloa maji ni ya oksijeni na uzee. Viungo navyo hufifia kwa uzee huo huo, hivyo eli ya viungo yenye alkoholi chini ya asilimia 8 ninyweni ndani ya msimu wake, msiitunze kwa fahari hadi mwaka unaofuata. Harufu ya siagi au bisi zilizopakwa siagi, na harufu ya tufaha bichi, huonyesha kwamba hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi yake. Harufu ya mahindi ya kuchemsha katika bia nzito kama hii si ya kawaida, na inatokana na upishi.

Nilishawahi kununua kreti nzima dukani kwa bei ya punguzo mwezi wa Machi, nikaikaribisha familia, na chupa ya kwanza ikanukia boksi. Ya pili pia. Niliwaomba radhi wageni na tukanywa chai. Tangu hapo sinunui bila kuitafuta tarehe iliyopigwa muhuri kwenye shingo au chini ya chupa.

Ukiwa na shaka, mimina ile bia nyepesi ya kawaida pembeni. Ondoa utamu na viungo kichwani mwako, kisha uliza: je, hii bado ni bia safi?

## Hatua ya 10: Nusa glasi tupu

Andika hukumu yako kwa sentensi moja kamili, si kwa orodha ya majina. "Kimea cha sukari guru kimebeba mdalasini na tangawizi hadi mwisho bila kuchoka" ni hukumu. "Nzuri, ina viungo" si hukumu.

Kisha usiioshe glasi. Iache mezani dakika kumi, gesi na alkoholi viondoke, halafu ingiza pua ndani yake mara ya mwisho. Utando mwembamba uliobaki kwenye kuta za glasi hukaa na harufu zinazochelewa kuruka: kimea, asali, mti wa mdalasini, mafuta ya karafuu. Hapa ndipo, mara nyingi, kiungo ulichokikosa katika hatua ya 6 kinapojitokeza chenyewe. Kiandike chini kabisa ya ukurasa pamoja na jina la bia, mwaka uliopigwa kwenye lebo na joto la chumba, kisha fungua kikombe chake ukilinganishe kwa mara ya mwisho kabla ya kumwaga maji.